Boti Imepauka: Pedi Gani, Kompaundi Gani?

SWALI: Boti yangu ya faiba, ya samawati, imekaa juani uani miaka kadhaa. Ukiigusa, unga unabaki kiganjani. Fundi wa magari aliipiga polishi kwa pedi ya sponji, mng'ao ukaisha upesi. Ninunue nini? – Msomaji, Karen, Nairobi

JIBU: Polishi ile ilifunika unga tu, haikuuondoa. Jelkoti, yaani tabaka la nje lenye rangi juu ya faiba, ni nene kuliko rangi ya gari; inataka pedi ya manyoya na kompaundi kali (dawa ya kusugulia yenye chembe za kukwaruza), mashine ikizunguka mara 1,200 hadi 1,800 kwa dakika. Osha kwanza, toa nta yote ya zamani. Fanyia kivulini, eneo la sentimita 60 kwa 60, maana juani kompaundi hukauka na kuganda. Pedi ikigeuka samawati usishtuke, ni jelkoti iliyochakaa inatoka. Manyoya yakishikana, yachane kwa brashi. Yakiachwa hivyo hupata joto na kuunguza. Kwenye kona legeza mkono, hapo ndipo wengi hutoboa jelkoti.

Fuatisha sponji safi na polishi laini, kisha nta ya boti. Pasipong'aa kabisa, piga msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, urudie manyoya.