Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu jiwe na babu yako

Kunduchi, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Ujumbe wako tumeusoma sote wawili, baba yako mara moja, mimi nimeurudia mpaka simu ikazima. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kama kweli jiwe la matumbawe linaweza kueleza bahari ilikuwaje miaka mia mbili iliyopita, au wasomi wanakuuzia mbuzi kwenye gunia. La pili, kama kwa ajili ya jiwe hilo uache kazi ya maabara huko Mwanza, kazi yenye bima na mshahara usiochelewa, uende Unguja ukasome uzamili pale Taasisi ya Sayansi za Bahari. La kwanza nitalijibu. La pili baba yako amenikataza kulijibu, na amekaa hapa hapa mezani.

Kemia umesoma wewe. Mimi nilifundisha Sayansi shule ya msingi kwa chaki. Lakini kwa matumbawe nina miaka mingi kuliko wewe, kwa hiyo vumilia.

Tumbawe ni mnyama. Hakuna darasa lililowahi kunikubalia hilo siku ya kwanza. Ni kinyama laini chenye mdomo na minyiri, kinachojijengea nyumba ya chokaa chini yake, na kila mwaka kinapanda juu ya nyumba ya mwaka uliopita. Yale makubwa ya mviringo, ambayo wataalamu huyaita Porites, hupanda kama sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo jiwe la urefu wa mita mbili limeishi kabla ya babu wa babu yako. Ukilikata kibao chembamba na kukipiga eksirei, unaona mistari, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na miwili hiyo pamoja ni mwaka mmoja.

Walijuaje kuwa ni mwaka? Mwaka 1972 watafiti walichukua matumbawe ya Enewetak, visiwa vya Pasifiki ambako Marekani ilijaribu mabomu yake ya nyuklia. Mionzi ya mabomu yale ilikuwa imeingia ndani ya chokaa na kubaki humo. Tarehe za milipuko zilijulikana, wakahesabu mistari kuanzia hapo, hesabu ikakubali. Mimi huwa nasimama hapo kila ninapolisimulia hili. Wenye mabomu walikwenda zao, na kinyama kisicho na macho ndicho kilichoweka kumbukumbu.

Mengine utayaelewa kuliko mimi. Tumbawe linapotengeneza chokaa linachukua kilichomo majini. Maji yakipata joto, strontiamu inayoingia hupungua ikilinganishwa na kalsiamu, na ile aina ya oksijeni iliyo nzito zaidi nayo hupungua. Shida ni kwamba oksijeni haisomi joto peke yake. Mvua nyingi au maji ya mto yakichanganyika na bahari, nayo huibadilisha. Ndiyo maana mtafiti makini hapimi kimoja akaridhika. Ukikutana na anayepima kimoja tu na kusema amemaliza, huyo ndiye mwenye gunia.

Na hili si jambo la Pasifiki peke yake. Hapo Malindi, kwa majirani, tumbawe moja limesomwa tangu 1801 hadi 1994. Lilianza kuandika kabla Sayyid Said hajashika utawala! Matokeo yalitoka mwaka 2000, na kati ya waliotia majina yao yumo Nyawira Muthiga, mwanamke wa Kenya, nakutajia makusudi. Waliona bahari yetu ikipanda joto, na wakaona kupanda na kushuka kwake kunafuatana na yanayotokea Pasifiki. Watafiti wengine wakasoma bariamu katika matumbawe ya Malindi kwa miaka mia tatu. Bariamu huja na udongo unaosombwa na mto Sabaki kutoka bara. Kwa muda mrefu ilikuwa kidogo, kisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, mashamba ya kikoloni yalipofunguliwa huko juu, ikaanza kupanda. Mtu alikata msitu mbali na pwani, asijue kuwa kuna anayeandika chini ya maji.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Jiwe linasema, na linasema kweli kwa yale liliyoyaona.

Nadhani ungetaka niishie hapo. Lakini tangu nisome ujumbe wako nimekuwa na babu yako kichwani, kwa sababu neno lako lile, "nani wa kuaminiwa", ndilo lililomtoa yeye kwenye mikutano.

Mwaka 1997 unaujua kwa hadithi, maana ulizaliwa katikati ya mvua zake, zile za elinino zilizovunja madaraja. Mvua zilipokwisha likaja joto. Machi na Aprili ya 1998, wakati wa maleleji, bahari ililala kabisa. Babu yako alikuwa bado anatega madema upande wa nje wa Mbudya, yeye na Mjomba Shomari, ambaye siku hizo alikuwa kijana wa kupiga kasia tu. Siku moja walirudi mapema, nusu ya madema hawakuyavuta. Babu hakwenda mnadani. Alikaa barazani akaniita, "Mwalimu, njoo." Unajua kwamba alikuwa akiniita Mwalimu mbele ya watu, na tukiwa wawili mimi ni Mwanaidi. Siku ile tulikuwa wawili, na aliniita Mwalimu.

Akaniuliza, "Hivi matumbawe hupata homa?"

Alisema maji yalikuwa ya moto mpaka chini alikoweza kuzamia. Matumbawe yote yamekuwa meupe, ya matawi na ya mviringo, kila tawi mahali pake, hakuna lililovunjika. Kitatange bado walikuwa wakizunguka humo. Alisema ameyavua maji yale tangu utotoni na hajawahi kuona vile, wala baba yake hajawahi kumsimulia. Nilipekua vitabu vyangu vyote vya shule. Havikuwa na hata sentensi moja.

Kusi ilipoingia ukaitishwa mkutano. Walikuja maofisa kutoka mjini, ofisi yao sitaitaja. Nilikuwepo, nimekaa upande wa akina mama, wewe uko mgongoni. Mkubwa wao akasimama akasema wavuvi wa hapa mmemaliza matumbawe kwa baruti. Babu yako akanyoosha mkono. Akasema, taratibu kabisa, "Baruti huvunja. Baruti huacha kifusi na shimo. Haya yamesimama. Maji yalikuwa ya moto." Yule bwana akamjibu, "Mzee, kaa chini, bahari haichemki." Watu wakacheka. Waliocheka walikuwa watu wetu, watu waliokula samaki wake. Karani alikuwa na daftari mbele yake na kalamu mkononi, na nilimwangalia muda wote: hakuandika neno. Babu alinyoosha mkono tena, akaambiwa muda umekwisha. Hakuhudhuria mkutano mwingine mpaka anaingia kaburini.

Zuhura, aliyekuwepo aulizwe kwanza. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa darasa la pili, ulipogombana na mwenzako kwa ajili ya penseli, na nitakwambia tena.

Baadaye, kwenye mafunzo ya walimu, ndipo nilipoelezwa kitaalamu yale aliyoyasema mzee kwa maneno manne. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Wao ndio wanaolipatia tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, urafiki huo unavunjika, mwani wanatolewa, na kinachobaki ni nyama angavu inayoonyesha chokaa jeupe chini yake. Hapo tumbawe halijafa. Lina njaa. Joto likishuka upesi, mwani hurudi na rangi hurudi. Likikawia, linakufa likiwa limesimama, na baada ya wiki chache mwani mwingine, wa kijani na kahawia, unalifunika kama vumbi kwenye nyumba iliyohamwa. Mwaka ule yalikufa kwa makadirio asilimia 16 ya matumbawe ya dunia nzima. Kwenye visiwa vya ndani vya Seychelles zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalikwisha. Huko Mafia pia yalipigwa vibaya. Hakuna aliyerusha baruti Seychelles nzima kwa mwezi mmoja.

Nilitoka kwenye mafunzo yale nikitetemeka. Yeye alikuwa tayari amefariki.

Lakini ngoja, nisimfanye babu yako asiye na lake. Baruti ilikuwepo, tena sana. Asubuhi tulikuwa tukiisikia tukiwa jikoni, mpaka miaka hii ya karibuni, operesheni za kuanzia 2016 zilipoinyamazisha. Mzee hakupenda kuizungumza kwa sababu vijana waliorusha walikuwa watoto wa wenzake. Na baruti ina ubaya ambao joto halina. Tumbawe lililokufa limesimama bado ni mwamba. Vitoto vya matumbawe vinavyoelea majini hupata pa kushika, na baada ya miaka kumi au zaidi unaweza kuona uhai tena. Kifusi hakishikiki. Kila wimbi linakigeuza na kuvisaga vitoto vilivyotua juu yake. Mwamba uliopigwa baruti hauna cha kuanzia baada ya joto. Kwa hiyo ofisa yule naye alishika upande mmoja wa ukweli, na babu yako alishika mwingine, na kama wangekaa mkeka mmoja kwa saa moja wangekuwa na habari nzima.

Nikifika hapo hasira hupungua. Kisha nakumbuka lile "kaa chini" na inarudi yote.

Sasa unaona kwa nini jiwe lako linanisumbua. Porites ni wagumu, wengi walipona 1998. Lililopona limeuandika mwaka ule ndani yake, mara nyingi kwa mstari mwembamba ambapo lilikaribia kuacha kukua. Joto lile limerudi 2016, na 2024, ambapo wataalamu wa dunia walitangaza kupauka kwa mara ya nne kunakozunguka bahari zote. Yote yanaandikwa, na muda wa kupona kati ya moja na jingine unazidi kuwa mfupi. Mtu akitoboa tumbawe la namna hiyo mahali fulani pwani hii, ataona alichokiona babu yako, na kwa kuwa kimetoka kwenye mashine kitaandikwa. Nifurahi? Nafurahi. Najiuliza pia kwa nini ilibidi tusubiri mashine. Jiwe lilikuwepo na yeye alikuwepo. Jiwe halijui baruti ilirushwa na nani, wala halijui ni mwaka gani changu walihama na madema yakaanza kurudi matupu. Hayo aliyajua yeye.

Na usifikiri nasema wazee wasomwe badala ya jiwe. Mzee husahau, mzee hulinda watoto wa wenzake, nimeshakwambia. Jiwe halilindi mtu. Nataka viwili vikae meza moja, basi.

Akina mama hapa wameshaniuliza kama kutoboa hakuliui tumbawe. Nimewaambia nilivyosoma: wazamiaji hutoa kipande chembamba cha mviringo, wakaziba tundu kwa saruji, na nyama hai hukua juu yake. Ukija, waeleze wewe, wanakuamini zaidi.

Haya, swali la pili. Baba yako anasema mkopo wa chuo haujaisha, na kwamba ajira haziokotwi. Ni kweli. Mimi nasema Unguja si mbali na kwamba kuna kazi ambayo mtu akiiacha hakuna atakayejua aliiacha. Hapo ameniangalia, basi naishia hapo. Sikwambii nenda. Nimeliandika neno lenyewe mara mbili kwenye karatasi hii na kulifuta mara mbili, na wewe utaona alama za kalamu.

Nitakuomba kitu kimoja ambacho hakihitaji uache kazi. Mjomba Shomari macho yamekwisha, Alhamisi nampeleka tena kliniki, lakini akili anayo kamili na ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa kwenye dau lile. Anakumbuka walianzia fungu gani na walizamia wapi. Likizo yako ya Desemba njoo na simu yenye nafasi ya kurekodi, ukae naye asubuhi, kabla ya dawa zake za saa sita kumlewesha. Muulize maji yalikuwaje, na muulize pia habari ya baruti, usimwonee haya. Andika jina lake lote, na la babu yako, na tarehe.

Nauli ya basi nitachangia nusu.

Mama yako,
Mwanaidi