Mahitaji yasiyo ya kiutendaji yaandikwe wapi

Je, kila hitaji lisilo la kiutendaji, yaani linaloeleza jinsi programu inavyopaswa kufanya kazi na si kile inachofanya, ni lazima liwe na kadi yake katika orodha ya kazi za timu? Hapana, si lazima. Hitaji linalogusa mfumo mzima, kama kasi ya majibu au usalama wa data, halikamilishwi siku moja na kufungwa, kwa hiyo mahali pake ni katika vigezo vya ukamilifu ambavyo kila kipengele kipya hupimwa navyo kabla ya kuhesabiwa kuwa kimekwisha. Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu kujenga bidhaa kwa vipindi vifupi, unavieleza vigezo hivyo kuwa ni maelezo rasmi ya hali ya kazi inapotimiza ubora unaotakiwa. Kadi ya peke yake inafaa penye kazi ya mara moja, kwa mfano kuandaa jaribio la mzigo, yaani la kupima mfumo unavyostahimili watumiaji wengi kwa pamoja.

Lililo muhimu zaidi ni kipimo. Kuandika kwamba mfumo uwe wa haraka hakumsaidii yeyote, ilhali kuandika kwamba asilimia 95 ya maombi yajibiwe ndani ya milisekunde 300, watumiaji 500 wakiwa ndani ya mfumo kwa pamoja, kunampa mpimaji kitu cha kuthibitisha au kukataa kila msimbo unapobadilika. Ili usisahau kundi lolote la mahitaji haya, pitia kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu, ISO/IEC 25010, ambacho toleo lake la 2023 lina sifa 9 za ubora, moja zaidi ya toleo la 2011. Tahadhari ni kwamba mahitaji yanayoamua usanifu, hasa upatikanaji wa huduma na uwezo wa kupanuka, yajadiliwe kabla ya kuanza kuandika msimbo, kwa sababu kuyaingiza baadaye mara nyingi hulazimu sehemu kubwa ya mfumo kujengwa upya.