Supu ya mbaazi: usiisage, dada yangu

Niliwahi kuwaambia wenye siku zilizovurugika kama mimi kwamba supu ya mboga inasaidia. Jumatatu dada mmoja wa Newala kaniandikia: "Nimekunywa supu ya mboga wiki nne, siku zangu bado zimevurugika. Unatudanganya." Hilo neno la mwisho limeniuma. Nikamwomba anieleze anavyoipika. Viazi mviringo vinne, karoti, boga, vyote kwenye blenda, halafu supu inasindikizwa na ugali wa sembe. Sikumlaumu. Nilianza vivyo hivyo.

Mimi nilikaa miezi saba bila kuona siku zangu. Ndevu zikaota kidevuni, uzito ukapanda. Kituo cha kwanza nilichokwenda niliambiwa nipunguze mawazo. Kisha msibani, shangazi wa mume wangu akasema mbele ya wanawake wenzangu: "Huyu tunamlisha tu." Nilirudi Mikindani na daladala, ushungi nimeuvuta usoni, nalia. Shangazi hajaniomba radhi mpaka leo, na sijasahau.

Daktari wa pili, hapa hapa Mtwara, ndiye aliyenipima akaniambia nina PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga ovari na siku za mwezi. Akanifafanulia: miili ya wengi wetu wenye tatizo hili haiitiki vizuri kwa insulini, homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, kwa hiyo kongosho inazidi kuimwaga. Insulini ikizidi, ovari zinachochewa kutoa testosteroni nyingi, na yai linashindwa kupevuka. Ndiyo maana tunahitaji chakula kinachopandisha sukari polepole. Kipimo cha kasi hiyo kinaanzia kwenye glukosi, yaani sukari tupu, iliyopewa 100. Chakula cha 55 kushuka chini ni cha polepole, cha 70 kwenda juu ni cha haraka. Mbaazi, choroko na kunde zote ziko kundi la polepole. Na sisi wa Kusini ndio wenye mbaazi! Tunazipeleka ghalani zikauzwe mnadani, halafu tunarudi nyumbani na tambi.

Sasa sikiliza. Kikombe kimoja cha mbaazi kavu, loweka usiku kucha, mwaga maji yake. Chemsha ziive, lakini punje ibaki punje. Pembeni kaanga kitunguu, saumu, tangawizi, nyanya na bizari kwa kijiko kimoja cha mafuta. Tia nyanya chungu nne, bamia kiganja kimoja, karoti moja tu, kisha mbaazi na maji yake ya kuchemshia. Tui liwe jepesi, nusu kikombe. Mchicha au majani ya maboga yaingie mwisho, dakika tatu, uepue. Kamulia ndimu mezani. Ndimu usiiache, kwa sababu uchachu wake unasaidia sukari ipande polepole.

Blenda iache. Ukisaga, unalifanyia tumbo kazi ambayo lilitakiwa lihangaike nayo lenyewe, na wanga unaingia kwenye damu upesi. Viazi mviringo vya kuzidisha uzito wa supu navyo acha. Na ugali, mama, ndio penye shida kubwa. Supu hii inakaa mahali pa ugali, haikai pembeni yake. Ukila bonge la sembe kisha ukanywa bakuli la mbaazi, umeongeza chakula, hujabadilisha kitu. Ukishindwa kabisa, chukua ugali wa kutosha ngumi yako moja.

Dawa nilizoandikiwa sikuziacha, na wewe usiziache kwa sababu ya maneno yangu. Kama unatumia dawa za kushusha sukari, mwambie daktari kabla hujapunguza wanga. Mimi siku zangu zilirudi mwezi wa nne tangu nianze kula hivi. Mwezi huu ni wa sita mfululizo nahesabu kwenye kalenda ya ukutani, na kila nikitia alama nashukuru Mungu.

Dada wa Newala nimemwandikia hayo yote. Jana kanijibu kwamba ameloweka mbaazi, na anauliza kama zile mbichi za kumenya zinafaa. Zinafaa sana, dada. Hizo hata kuloweka hazihitaji. Mama mkwe wangu ndiye anayenitumia, na wiki hii ameziweka pamoja na furushi la bamia, bila mimi kuomba.