Krismasi mikono mitupu? Nenda hivyo hivyo

Mdogo wangu, umeuliza kama uende Uyole, Mbeya, Krismasi hii bila zawadi, au usubiri mwakani upate kitu cha kumshukuru dada aliyekusomesha kwa kuuza ndizi soko la Mwanjelwa. Nenda.

Nauli ya kutoka Dar unayo, umesema mwenyewe. Kata tiketi mapema, Desemba walanguzi hawana huruma. Na sweta, tafadhali. Ukifika Makambako utanikumbuka.

Sasa shukrani. Mwezi wa 12 huko ni mvua na majani shambani, na palizi haimngoji mtu. Vitenge dada anavyo, ila mtu wa kumshikia jembe siku mbili hana. Amka kabla yake, uingie kwenye mahindi. Zikibaki hela kidogo, nunua kilo chache za mbolea ya urea, mkuzie mahindi pamoja: mmoja anachimba, mwingine anaweka urea ya kizibo kimoja cha soda kila shina na kufukia.

Mwaka mmoja niliona aibu kama wewe, nikatuma elfu 20 kwa simu, nikabaki mjini. Mama alizipokea, kisha akapiga kuuliza nafika lini.

Halafu mwambie. Si mbele ya wageni. Jikoni, mkimenya viazi. Ile habari ya kuuza redio yake ili ulipe ada ya kidato cha nne, umetusimulia sisi tusiokujua. Yeye hajawahi kukusikia ukiitaja. Na kwa kuwa ninyi ni Wanyakyusa wenzangu, malizia na "ndaga fijo", yaani asante sana, kisha endelea kumenya.