Ovalodi ikikata, usikimbilie kuizungusha

Nikiitwa kuangalia mota inayojizima, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kile kidude cha kusetia ampea kwenye ovalodi, yaani kifaa kinachoizima mota ikivuta ampea kupita kiasi kwa muda. Mara nyingi nakikuta kimeshasukumwa hadi mwisho. Mtu aliona mota imezima, akaongeza kidogo. Ikazima tena, akaongeza tena, mpaka usumbufu ukaisha. Tatizo lenyewe bado lipo, na sasa joto lote linaishia kwenye koili za mota. Mafundi tuna kipimo kinachokubalika kwa jumla: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango cha insulesheni hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Mota ya namna hiyo haiungui siku ileile. Inaungua baadaye, wakati hakuna anayekumbuka nani aligusa nini.

Tuanze na kuseti. Soma ampea kwenye kibao cha mota, si kwenye kumbukumbu yako wala kwenye saizi ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota. Mota ya 7.5 kW ya volti 400, kwa mfano, huwa karibu na ampea 15. Kibao kikiwa na ampea mbili, chukua ile inayolingana na jinsi koili za mota zilivyounganishwa, sta au delta. Ukishaipata, seti hapohapo. Kuna wanaoongeza asilimia 10 "ili ipumue", nami nawasihi waache. Nafasi ya kupumua tayari imo ndani ya ovalodi: kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-4-1, ikibeba mara 1.05 ya ulichoseti haitakiwi kukata ndani ya saa 2, na ikifika mara 1.2 lazima ikate ndani ya saa 2. Ukiongeza ya kwako, umeongeza mara mbili.

Sehemu ninayokuta makosa mengi zaidi ni stata ya sta-delta, inayowasha mota kwa sta kisha kuihamishia delta. Ovalodi ikiwa imefungwa chini ya kontakta kuu, ndani ya mzunguko wa delta, inapitiwa na ampea za koili tu, yaani 0.58 ya zile za kwenye kibao. Mota ya ampea 22 inasetiwa 12.8. Ukiiacha kwenye 22, umeiruhusu mota ivute karibu ampea 38 kutoka kwenye laini bila kuguswa. Lakini ovalodi ikiwa juu, kwenye laini yenyewe kabla waya hazijagawanyika, unaseti 22 kamili. Kwa hiyo fuata waya kwa macho kabla ya kushika bisibisi.

Sasa imesetiwa sawasawa na bado inakata. Uliza kwanza: inakata lini? Ikikata wakati wa kuwaka tu, na mzigo ni mzito kuchangamka kama feni kubwa, huenda ovalodi ni ya klasi 10, ambayo kwa mara 7.2 ya ampea lazima ikate kabla ya sekunde 10. Mzigo unaohitaji sekunde 15 kushika kasi unataka klasi 20, baada ya kuhakikisha mota na nyaya zake zinavumilia muda huo. Kuongeza ampea hapo si dawa.

Ikikata baada ya kufanya kazi kwa muda, chukua klampu mita upime fezi zote tatu mota ikiwa na mzigo. Zote zikiwa juu kwa usawa, tafuta kwenye mashine: beringi, mkanda uliokazwa kupita kiasi, pampu iliyoshika uchafu, au volti zilizoshuka. Zisipolingana, ndipo kazi inaponoga.

Kuna pampu ya 7.5 kW niliyoikuta inavuta ampea 13, 17 na 16, inakata baada ya kama nusu saa. Wenyeji walishaamua mota ni mbovu, ipelekwe kusukwa. Tulizima, tukafunga swichi kuu kwa kufuli, tukahakikisha hakuna umeme, kisha tukahamisha waya zote tatu za mota hatua moja, ili isibadili mwelekeo wa kuzunguka. Tulipowasha, ile 13 ilibaki kwenye laini ileile. Ingehama na waya wa mota, tungeilaumu mota. Nikapima volti kati ya juu na chini ya kontakta, fezi kwa fezi, mota ikizunguka. Mbili hazikuonyesha kitu cha maana. Ya tatu ilikuwa na volti 8. Kontakti, yaani sehemu zinazogusana ndani ya kontakta, imeliwa. Kontakta mpya ikafungwa, na ovalodi ikabaki kwenye 15.

Jambo jingine ni kitufe cha kuchagua kuriseti kwa mkono au yenyewe. Mimi naweka kwa mkono karibu kila mahali. Mashine inayoweza kuwaka ghafla huku mtu ameingiza mkono kutafuta kilichokwama ni hatari kubwa. Na kumbuka ovalodi haizuii shoti. Hiyo ni kazi ya fyuzi au breka iliyo juu yake.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha majaribio mota ikiwa inazunguka. Kontakta lazima iachie. Isipoachia, angalia 95 na 96, terminali ambazo ovalodi hutumia kukata umeme wa kontakta: nimeshakuta kipande cha waya kimeunganisha terminali hizo mbili, kimejaa vumbi la siku nyingi, na ovalodi ikikata miaka yote bila kuzima chochote.