Damu haitabiri kupona kwa mtikisiko wa ubongo
Dada, umeuliza kama mdogo wako, aliyeanguka na bodaboda barabara ya Mikindani wiki tatu zilizopita, anaweza kupimwa damu ili ijulikane kama atapona kabisa. Kwa sasa jibu ni hapana, ingawa swali lenyewe ni zuri.

Ubongo unapotikiswa, seli zake huvujisha protini zinazoingia kwenye damu, na mbili kati ya hizo, GFAP na UCH-L1, Marekani iliruhusu zipimwe mwaka 2018. Lakini kipimo hicho hufanywa ndani ya saa 24 tangu ajali, na kazi yake ni kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa apigwe picha ya CT (eksirei ya kina ya kichwa), si kueleza atakuwaje mwakani. Utafiti wa Marekani wa majeraha ya ubongo, TRACK-TBI, uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba protini hizo, zikipimwa siku ya ajali, hutabiri vizuri kifo na ulemavu mkubwa, ila kwa aliyeumia kidogo akabaki na kizunguzungu au usahaulifu hazisemi mengi. Ipo pia protini nyingine, NfL, inayotoka kwenye nyuzi za neva na kupanda polepole kwa siku na wiki. Binafsi naiwekea matumaini zaidi, lakini bado imo mikononi mwa watafiti.

Umesema anakosea kurudisha chenji dukani na jua la mchana linamuumiza kichwa. Hayo yaandikeni kwa tarehe, mkamwonyeshe daktari, na pikipiki asiiguse kwanza. Akianza kutapika mfululizo au kusinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.