Ombi la fedha za jaribio la shambani: usiombe msimu mmoja

Ndugu, umeuliza kwa nini mfadhili karudisha ombi la chuo chenu la jaribio la mahindi na kunde huko Kibaha. Tatizo ni msimu mmoja. Pwani tuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mvua ikikatika mapema, huna cha kulinganisha. Omba miaka 2, kila tiba, yaani kila njia ya upandaji mnayoijaribu, irudiwe mara 4, udongo upimwe kina cha sentimita 0–20 kabla ya kupanda. Bajeti iwe na maabara, usafiri na mlinzi, maana mahindi mabichi huibwa, na kitalu kilichoibwa hakina takwimu. Mkiwa na mtafiti mwenza kutoka nje ya nchi, anzeni mapema kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Fedha ikitangulia kibali, msimu unawapita.